Bei Maelewano

Herufi moja shilingi mia tano.
Nimeiandika mlangoni kwa rangi nyekundu
ili pasiwe na kesi. Hapa Kinyanambo
mtu anaijua bei ya mkono wangu
kabla hajanipa kamwene.

Luvanda alikuja na ubao wa msindano,
mbichi bado, utomvu ukimganda vidoleni.
"Andika FARASI ANAUZWA."
Nikahesabu: kumi na tatu.
"Na bei?"
"Andika MAELEWANO."

Herufi tisa. Elfu nne na mia tano
kwa kutomwambia mtu kitu.
Nikamwambia, namba ingekuwa nafuu.
Akasema, "Wewe unapaka tu, huuzi.
Nikitaja, maskini atageuzia njiani,
tajiri atacheka,
na mashemeji wa Igowole watajua
lini waje kunikopa."

Nilichovya brashi. Sikumjibu.
Nimeshaandika maelewano kwenye viwanja visivyo na maji,
kwenye misumeno yenye meno pengo,
kwenye pikipiki iliyoanguka na wenyewe wawili.
Sijaona walioelewana.

Farasi mwenyewe ni jike, wa kijivu,
rangi ya asubuhi ya Juni kwenye mashamba ya chai.
Meneja aliyeondoka alimwacha
badala ya mishahara ya miezi saba,
yeye na brashi zake na tandiko lililopasuka.
Watoto wa shule humwita Bosi.
Akipita sokoni, wauza viazi hunyamaza,
halafu mmoja huuliza kama analiwa.

Siku ya tisa akaja Chaula, kwa miguu kutoka Nyololo,
ukungu umemlowesha hadi nyusi,
fedha ndani ya soksi ya kushoto,
ndiyo maana alichechemea kidogo.
Alitaka mnyama wa kushusha viazi bondeni
ambako gari halifiki.
Alimshika Bosi shingoni, akamnusa,
akamkagua kwato moja moja, akiinama kama fundi viatu.

"Bei gani?"
"Tutaelewana. Una ngapi?"
"Taja wewe, mwenye mali."
"Taja wewe, mwenye shida."
Wakaletewa ulanzi. Wakaulizana habari za mvua,
za mbolea, za misiba ya pande zote mbili.
Ukungu ukapanda, jua likatoka,
jua likachoka.
Farasi alikula nusu ya ua wa Luvanda
akingoja waseme.

Chaula aliondoka na soksi yake.
Alipopita dukani kwangu alisimama,
akausoma ubao wangu wa herufi moja mia tano,
akausoma tena.
"Ningejua," akasema, "ningebaki napalilia."
Kisha, kama mtu anayemsengenya ndugu:
"Au ningekuja mapema zaidi."

Nilimfuata Luvanda usiku ule nimekasirika,
nikijua nitakachosema: kwamba bei iliyofichwa
inamtembeza mtu maili bure,
kwamba hata kaburi lina vipimo.
Nilimkuta kibandani, taa ya simu mdomoni,
anampiga brashi mgongoni.

Akaitoa taa mdomoni.
"Ng'ombe najua," akasema. "Mbao najua, kwa futi.
Gunia la viazi nalijua hata usingizini, na lumbesa yake.
Farasi?
Nani Mafinga nzima aliwahi kununua farasi?
Ninachodai nakijua, miezi saba, nimeandika.
Anachostahili yeye sikijui.
Nilikuwa nangoja mtu aje anitajie."

Na yule soksi imejaa alikuwa anangoja atajiwe.

Hasira zangu zikakosa pa kukaa.
Bosi alinipulizia hewa ya moto kiganjani,
akakuta hakuna kitu, akaniacha.

Asubuhi niliupiga ubao msasa,
nikafuta herufi tisa.
FARASI ANAUZWA, nikaandika. BEI,
na nukta mbili, moja juu ya nyingine,
halafu nafasi ya kutosha namba saba,
nikamfungia chaki kwa kamba.

Herufi tatu, elfu moja na mia tano.
Nukta nilimpunguzia.
Nafasi sikumtoza;
sikujua niseme ngapi.